Humphrey Bogart: adui wa kwenye sinema aliyepata usteringi baada ya kuvuka miaka 40

SWALI: Mimi ni msomaji wa Kigoma. Nimeitazama The African Queen kwa sababu huku kwetu watu husema ni filamu ya meli yetu, Liemba. Nimesoma kwamba yule mlevi wa kwenye boti, Humphrey Bogart, ndiye nyota mkubwa kuliko wote wa Hollywood ya zamani. Nimesoma pia kwamba ukubwa wake wote ulitokana na makombo, yaani nafasi alizozikataa mwigizaji mwingine aitwaye George Raft. Je, ni kweli? Ilikuwaje mtu mwenye sura ile, tena aliyevuka miaka 40, akawa steringi? Liemba inaingia wapi? Na nikitaka kuzitazama filamu zake, nianze na ipi?

JIBU: Habari ya makombo ni nusu kweli. Raft aliikataa High Sierra, akaikataa na The Maltese Falcon, na zote mbili zilitoka mwaka 1941 Bogart akiwa ndani yake. Casablanca huongezwa kwenye hesabu hiyo kimakosa. Aprili 1942 Jack Warner, mkuu wa studio ya Warner Bros., aliuliza kama Raft angeifaa. Mtayarishaji Hal Wallis akamjibu kwamba nafasi ile inaandikwa kwa ajili ya Bogart, basi. Utasikia pia kwamba Ronald Reagan nusura aipate. Hilo lilikuwa tangazo la magazetini tu, lililopikwa na idara ya matangazo ya studio ili majina ya waigizaji wake yasipoe.

Raft alikuwa na sababu yake. Kwenye vibanda vya video watu husema steringi hafi, na Raft aliamini hivyo hivyo: hakutaka tena kucheza mhalifu anayepigwa risasi mwishoni. Bogart alikuwa amepigwa risasi hizo kwa miaka mitano mfululizo, na hapo ndipo penye jibu lako. Watazamaji walipomwona hatimaye akicheza mtu mwema, hakuna aliyekuwa na hakika kama wema huo ungefika mwisho wa filamu. Shaka hiyo ndiyo iliyomfanya nyota, na isingeweza kununuliwa kwa njia nyingine isipokuwa ile ndefu aliyoipita.

Hakuwa mtoto wa mtaani hata kidogo. Alizaliwa New York tarehe 25 Desemba 1899, baba yake daktari wa upasuaji, mama yake, Maud Humphrey, mchoraji aliyejulikana. Alitolewa katika shule ya bweni ya Phillips Academy mwaka 1918 akaingia jeshi la wanamaji la Marekani vita vikiwa ukingoni. Miaka ya 1920 aliimalizia kwenye majukwaa ya Broadway akicheza vijana wa kitajiri katika vichekesho vya mapenzi, wale wanaoingia sebuleni wamevaa suti nyeupe na kutoka bila kukumbukwa. Mwaka 1922 mhakiki Alexander Woollcott alimtaja kama mwigizaji asiyetosha, tena kwa lugha ya kejeli. Mwaka 1930 kampuni ya Fox ilimpa mkataba wa dola 750 kwa wiki; alicheza Up the River pamoja na Spencer Tracy na nyingine kadhaa, zisimpeleke popote, akarudi New York wakati mdororo wa uchumi umekwisha kuzifunga kumbi nyingi.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa na mchezo wa jukwaani. Januari 1935 The Petrified Forest ilianza kuonyeshwa Broadway, Leslie Howard akiwa mhusika mkuu na Bogart akiwa Duke Mantee, jambazi mtoro anayewateka watu kwenye mgahawa wa jangwani. Warner Bros. waliponunua haki za filamu walimtaka Howard, lakini nafasi ya Mantee walitaka kumpa Edward G. Robinson, aliyekuwa na jina tayari. Howard akatuma simu ya maandishi: bila Bogart, na yeye hayumo. Studio ikasalimu amri. Filamu ilitoka mwaka 1936, na mwaka 1952 Bogart alimpa bintiye jina la Leslie kwa heshima ya mtu huyo.

Baada ya hapo Warner Bros. walimwandikisha kwa dola 550 kwa wiki, pungufu kuliko alivyolipwa na Fox miaka sita nyuma. Ni vyema kuuelewa mkataba wa namna hii, maana bila huo huwezi kuelewa kwa nini waigizaji wa zama zile walicheza filamu mbovu nyingi kiasi kile. Mkataba ulihesabiwa miaka saba, lakini uliifunga pande mbili kwa vifungo visivyolingana. Kila baada ya miezi kadhaa studio ilikuwa na hiari ya kuuendeleza au kuuvunja. Mwigizaji hakuwa nayo. Kwa kawaida alilipwa wiki 40 kati ya 52, zile 12 akae nyumbani bila ujira. Studio iliweza kumwazima kwa kampuni nyingine na kubaki na faida. Na akikataa nafasi aliyopewa, alisimamishwa bila malipo, kisha muda wote wa kusimamishwa uliongezwa mwishoni mwa mkataba, kwa hiyo miaka saba ingeweza kugeuka tisa au kumi. Bette Davis alijaribu kuuvunja mbele ya mahakama ya Uingereza mwaka 1936 akashindwa. Aliyefanikiwa ni Olivia de Havilland: mwishoni mwa 1944 mahakama ya rufaa ya California iliamua kwamba miaka saba ni miaka saba ya kalenda. Hapo Bogart alikuwa tayari amekwisha kuitumikia miaka yake migumu.

Studio nayo ilikuwa na hesabu zake. Ilimiliki kumbi zake yenyewe za sinema, na kumbi hizo zilihitaji filamu mpya kila wiki. Katika miaka ya 1930 Warner Bros. walikuwa wakitoa takribani filamu 50 kwa mwaka. Waigizaji wa kulipwa kwa wiki walikuwa gharama iliyokwisha lipwa, hivyo kuwaacha wakae bure ilikuwa hasara. Kati ya 1936 na 1940 Bogart alipitishwa katika filamu karibu 30, kwa wastani moja kila miezi miwili. Juu yake kwenye ngazi walikuwepo Paul Muni, James Cagney, Robinson na Raft. Nafasi nzuri ilishuka ngazi hiyo moja moja, na ikimfikia Bogart ujue wanne wamekwisha kuinusa.

Sheria ya maadili ya filamu, iliyoanza kutekelezwa kwa ukali mwezi Julai 1934, ilimalizia kazi. Ilitaka kila mhalifu aadhibiwe kabla taa za ukumbi hazijawaka. Hivyo katika Bullets or Ballots ya 1936, Angels with Dirty Faces ya 1938 na The Roaring Twenties ya 1939, Bogart ni adui wa pili, mwoga au msaliti, ambaye ni lazima afe ili Cagney au Robinson wapate utukufu wao. Studio ilimtumbukiza pia mahali pasipomhusu: katika The Oklahoma Kid amevaa mavazi meusi ya mchunga ng'ombe, katika Dark Victory anajitahidi kuongea lafudhi ya Kiayalandi, na katika The Return of Doctor X ni maiti aliyefufuliwa anayetafuta damu. Hiyo ya mwisho itazame siku ukitaka kucheka. Filamu moja tu ya miaka hiyo, Dead End ya 1937, aliyoazimwa kwa mtayarishaji Samuel Goldwyn na kuongozwa na William Wyler, ilimwonyesha jambazi mwenye moyo: kuna pale anapokutana na mama yake na mama anamzaba kibao. Kibao kile kilitabiri mengi, lakini Warner Bros. hawakukiona.

High Sierra ndiyo iliyogeuza upepo, na Bogart hakuiokota njiani. Alipopata habari zake mwaka 1940 alimwandikia Hal Wallis akiiomba. Ilibidi Muni na Raft wajiondoe kwanza. Mswada uliandikwa na John Huston pamoja na W. R. Burnett, mwandishi wa riwaya yenyewe, na mwongozaji alikuwa Raoul Walsh. Roy Earle, anayechezwa na Bogart, ni mwizi wa benki aliyezeeka, ametoka jela, anafanya kazi ya mwisho, na njiani anamhurumia msichana kilema na mbwa asiye na bahati. Lazima afe, sheria ni sheria, lakini safari hii watazamaji hawakutaka afe. Hata hivyo jina la kwanza kwenye tangazo lilikuwa la Ida Lupino. Na miezi michache baadaye studio ilimpangia filamu ya farasi na bastola, Bad Men of Missouri. Alipoikataa ikamsimamisha bila mshahara. Hivyo ndivyo walivyomthamini katikati ya 1941.

Kisha ikaja The Maltese Falcon. Raft aliikataa kwa hoja ambazo kwa macho ya wakati ule zilikuwa za busara: riwaya ya Dashiell Hammett ilikwisha kufanywa filamu mara mbili, mwaka 1931 na 1936, na mwongozaji wa safari hii, John Huston, hakuwahi kuongoza filamu hata moja. Lakini Huston alifanya mambo mawili ambayo waliomtangulia hawakuyafanya. Aliyaacha maneno ya Hammett yalivyo, karibu neno kwa neno, na aliichora kila picha kwenye karatasi kabla ya kuingia studioni, hivyo hakupoteza siku akitafuta pa kuweka kamera. Bogart akawa Sam Spade, mpelelezi binafsi asiyejulikana kama ni mwaminifu au ananunulika. Ukiwa umezizoea zile filamu zake za ujambazi, unamshuku hadi dakika ya mwisho, na filamu nzima imesimama juu ya shaka hiyo.

Halafu vita. Hili huachwa katika simulizi nyingi, nami naliona kubwa kuliko kukataa kwa Raft. James Stewart aliingia jeshini Machi 1941, Clark Gable na Tyrone Power wakafuata mwaka 1942. Ghafla studio zikapungukiwa na wanaume vijana wa kuwapenda mabinti kwenye skrini. Bogart alikuwa na miaka 42, naye hakuitwa. Na mtu aliyehitajika wakati huo hakuwa tena kijana wa kucheka cheka, bali mtu mzima aliyeumizwa, asemaye hajali, kisha akajali. Rick, mhusika anayemcheza katika Casablanca, ni Marekani yenyewe ya Desemba 1941: haina upande mpaka inalazimika kuwa nao.

Bogart alilipwa dola 36,667 kwa Casablanca. Karibu yote ilipigwa ndani ya studio huko Burbank. Uwanja wa ndege wa mwisho ni jukwaa lililojazwa ukungu, na ile ndege ya nyuma ni kibao kidogo kilichozungukwa na watu wafupi ili ionekane kubwa. Ingrid Bergman, mwigizaji mwenzake, alimzidi Bogart kimo kidogo, ikabidi aongezewe urefu viatuni na kuwekewa mito kwenye viti. Sheria ya maadili iliamua mwisho kuliko mwandishi yeyote, kwa kuwa Ilsa, anayechezwa na Bergman, ni mke wa mtu na hakuna studio ambayo ingeruhusiwa kumwacha aondoke na Rick. Maneno ya mwisho kabisa, yale ya mwanzo wa urafiki mzuri, yaliandikwa na Wallis baada ya upigaji kumalizika, Bogart akaitwa kuyarekodi, yakawekwa juu ya picha ya migongo miwili inayotembea. Bahati nayo ilikuwepo: majeshi ya Marekani yalitua Moroko, uliko mji wa Casablanca, tarehe 8 Novemba 1942, na filamu ikafunguliwa New York tarehe 26 mwezi huo huo. Ilipata Oscar ya filamu bora katika sherehe ya Machi 1944. Bogart aliteuliwa, akashindwa na Paul Lukas.

Kuhusu sura: ukitaka kuuona ufundi wake acha uso, tazama mikono. Akiwa Duke Mantee anaibeba mbele ya kiuno kana kwamba pingu bado zipo. Katika The Maltese Falcon kuna pale anapomfokea yule mnene, Gutman, anavunja glasi, anatoka kwa hasira. Akifika kwenye ujia anautazama mkono wake unatetemeka, anatabasamu. Kwa sekunde tano umeambiwa kwamba hasira ilikuwa ya uongo na woga ulikuwa wa kweli. Katika Casablanca huoni uso wake kwanza, unaona mkono ukitia saini hundi, kisha sigara, glasi na kete za sataranji. Katika The Big Sleep anavuta ndewe ya sikio kila anapofikiri. Katika The Caine Mutiny, kapteni Queeg anapoanza kuharibikiwa akili mbele ya mahakama ya kijeshi, zinatoka mfukoni gololi za chuma na kuanza kuzungushwa kiganjani. Kule kuongea kwa midomo iliyobana huhusishwa na kovu la mdomo wa juu. Hadithi za lilivyopatikana ni nyingi na zinapingana, usizibebe.

Baada ya Casablanca mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1944, katika To Have and Have Not ya Howard Hawks, alikutana na Lauren Bacall, binti wa miaka 19, yeye akiwa na 44 na ndoa ya tatu iliyojaa ugomvi. Walioana tarehe 21 Mei 1945. The Big Sleep ilikuwa imekwisha kupigwa mapema mwaka huo, lakini studio iliiweka kabatini kwa sababu mbili: ilitaka kwanza kumaliza kuuza filamu za vita kabla vita havijaisha, na Bacall alikuwa ameharibiwa jina na filamu nyingine iliyofuata. Januari 1946 wakapiga upya baadhi ya sehemu ili wawili hao wapate nafasi zaidi ya kutaniana, na filamu ikatoka Agosti. Matokeo yake mazungumzo ni matamu na kisa hakieleweki. Usijilaumu ukipotea njia. Kila mtu hupotea.

Mwaka 1946 mapato yake yalimfanya mwigizaji aliyelipwa kuliko wote, na mkataba wake mpya na Warner Bros. ulimpa dola 200,000 kwa kila filamu pamoja na ruhusa ya kufanya kazi nje. Kodi ya mapato ya ngazi ya juu nchini Marekani ilikuwa imepita asilimia 90 wakati wa vita, hivyo mshahara mkubwa uliishia serikalini. Nyota wenye washauri wazuri wakaanza kuunda kampuni: faida ya kampuni, na hasa ya kuuza kampuni, ilitozwa kidogo zaidi. Ya Bogart iliitwa Santana, jina la jahazi lake la tanga, na filamu zake zilisambazwa na Columbia. Nyingi ni za kawaida. Moja, In a Lonely Place ya 1950 iliyoongozwa na Nicholas Ray, kwangu ndiyo kazi yake bora kuliko zote: mwandishi wa filamu anayeshukiwa kwa mauaji, na mwanamke anayempenda anaanza kuogopa hasira zake. Ile shaka ya zamani imerudi, ila sasa imeingia chumbani. Mwaka 1955 aliiuza kampuni kwa Columbia kwa dola milioni moja.

Kabla ya hapo, mwaka 1947, Huston alimpeleka Mexico kwa ajili ya The Treasure of the Sierra Madre, iliyotoka mwaka 1948, acheze mchimba dhahabu anayeliwa na tamaa mpaka anaongea peke yake. John Huston alipata Oscar mbili, baba yake Walter akapata moja, Bogart hakuteuliwa hata kidogo. Dhuluma tupu. Oktoba 1947 alikuwa amesafiri kwenda Washington na wenzake kupinga kamati ya bunge iliyokuwa ikiwahoji watu wa filamu kuhusu ukomunisti. Shinikizo la studio na magazeti lilipozidi akaandika makala ya kujitenga na wale aliokwenda kuwatetea. Wapo ambao hawakumsamehe.

Sasa tuje kwenu. The African Queen imetokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, na ziwa lake halina jina halisi, lakini chanzo ni vita vya Ziwa Tanganyika. Meli ya Wajerumani Graf von Götzen iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa kwa makasha hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Waingereza walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kupitia Afrika Kusini na Kongo. Zikaiteka Kingani, zikaizamisha Hedwig von Wissmann, lakini na Götzen hazikupambana. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916. Ilipandishwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Kwa hiyo ile Louisa, meli ya Wajerumani inayolipuliwa kwenye filamu, ni Liemba ya kubuni, na mwisho wake ni wa kubuni pia. Iliyopigwa picha ilikuwa meli nyingine.

Upigaji ulifanyika katikati ya 1951, kwanza kwenye mto Ruiki, karibu na Ponthierville, Ubundu ya leo, nchini Kongo, kisha Uganda, Butiaba na maporomoko ya Murchison. Boti yenyewe iliundwa Uingereza mwaka 1912 na ilikuwa imefanya kazi Ziwa Albert kwa jina la Livingstone. Ni ndogo mno kubeba waigizaji, taa na kamera ya filamu za rangi ya Technicolor, iliyokuwa ikipitisha mikanda mitatu kwa mpigo na kuvikwa kasha zito la kuzuia kelele. Dawa yao ilikuwa vyelezo: kimoja kilibeba mfano wa boti, kingine kamera, kingine taa na genereta, vyote vikivutwa kwa msururu kwenye kona za mto. Msururu ukinasa kwenye matawi, kazi inasimama. Siku moja boti ilikutwa imezama, ikabidi ivutwe kwa kamba na mikono ya watu.

Wengi waliugua kwa maji ya kunywa. Katharine Hepburn, mwigizaji mwenzake Bogart, aliharishwa akakonda. Bogart na Huston walisalimika, na wote wawili waliisifu wiski na chakula cha kopo. Matukio ya kuingia ndani ya maji yalirudiwa London kwenye tangi, kwa kuogopa kichocho na mamba. Robert Morley, anayecheza mmisionari, hakukanyaga Afrika: sehemu zake zilipigwa Uingereza, huku mtu mwingine akimwakilisha kwa mbali. Katika riwaya Allnut, yule mwenye boti anayechezwa na Bogart, ni Mwingereza wa London mashariki, lakini lafudhi hiyo haikumkaa Bogart, wakamfanya Mkanada. Filamu iliwahishwa kwenye ukumbi mmoja wa Los Angeles mwishoni mwa Desemba 1951 ili iingie kwenye mashindano ya mwaka huo, na tarehe 20 Machi 1952 Bogart akapata Oscar yake pekee, akiwashinda Marlon Brando na Montgomery Clift. Wengi walidhani ni ya Brando. Boti hiyo sasa hubeba watalii Key Largo, Florida.

Aliteuliwa mara ya tatu kwa The Caine Mutiny ya 1954. Filamu ya mwisho ni The Harder They Fall ya 1956. Mwaka huo alifanyiwa upasuaji wa saratani ya umio, alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, akafariki tarehe 14 Januari 1957. Mwaka 1956 Warner Bros. walikuwa wameuza filamu zao za kabla ya 1950, zikaanza kuonyeshwa kwenye televisheni kote Marekani, na mwaka 1957 ukumbi wa Brattle karibu na Chuo Kikuu cha Harvard ukaanza kumrudisha kwenye skrini wakati wa mitihani. Wanafunzi wale ndio waliomfanya mkubwa kuliko alivyokuwa hai.

Kuhusu kuanza: usianze na Casablanca. Itakufurahisha, lakini hutaona kilichowashangaza watu wa 1942. Anza na The Roaring Twenties, umchukie. Fuata High Sierra, kisha The Maltese Falcon, ndipo Casablanca. Hapo pumzika na The Big Sleep, halafu The Treasure of the Sierra Madre na In a Lonely Place kwa siku tofauti, maana zote mbili ni nzito. Ukiirudia The African Queen baada ya hizo, utaona jambo ambalo huwezi kuliona sasa: huyu mlevi mwoga anayechekesha ni yule yule wa bastola, na anajifanyia mzaha mwenyewe.

Mambo matatu ya kuangalia unapotafuta nakala. The Big Sleep ina matoleo mawili, la 1945 na la 1946. Chukua la 1946. Beat the Devil ya 1953 huzunguka mitandaoni katika nakala mbovu zilizokatwa na kupangwa upya zenye sauti ya msimulizi. Tafuta iliyosafishwa mwaka 2016. Casablanca kuna iliyopakwa rangi kwa kompyuta miaka ya 1980, iache. Na filamu hizi zote nilizokupangia zilipigwa kwa umbo linalokaribia mraba, hivyo televisheni ya kisasa itaacha mistari myeusi kulia na kushoto. Ndivyo inavyotakiwa. Ukiibana runinga ijaze kioo chote, ama itamnenepesha Bogart, ama itamkata kichwa na mikono, na mikono ndiyo niliyokwambia uitazame.